Magurudumu ya Kuweka Kwenye Boksi

Nekesa, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, kwa sababu sebuleni baba yako amewasha taarifa ya habari na boksi lako limechukua nafasi yote iliyobaki. Wewe uko chumbani unakunja upya nguo ambazo nilikuwa nimeshazikunja. Nakusikia. Tungekuwa tunaongea vizuri ningekuja nikae kitandani nikwambie haya kwa mdomo, lakini tangu Jumapili kila tukianza kuongea tunafika kwenye magurudumu, na tukifika hapo hatutoki.

Mambo ya sweta, dawa, na nani atakupokea ukifika Naivasha sitayarudia. Nimeyasema mpaka baba yako akaniuliza kama nakupeleka kwenye timu ya baiskeli au chekechea. Barua hii ni ya lile jambo moja tu, ingawa unanijua, lazima nizunguke kwanza.

Leo asubuhi, kabla hujaenda kuwaaga wenzako, ulisimama mlangoni ukatazama fremu iliyolala ndani ya boksi na zile jozi mbili za magurudumu zilizoegemea ukuta, makubwa ya inchi ishirini na tisa na madogo ya ishirini na saba na nusu. Boksi linabeba jozi moja. Ukaniambia, "Mama, si uamue tu. Chenye utaweka kwa boksi ndio nitabeba." Ulisema kwa upole. Ungefoka ningejua la kujibu, maana kwa kufokeana sisi wawili hatujambo. Lakini ulisema kwa upole, ukachukua mwavuli, ukaondoka, na mimi nikabaki na ushindi wangu katikati ya sebule.

Najua maana ya jambo hili kwako. Timu imekuchukua kwa majaribio tu. Mtaendesha kwenye mawe na vumbi la huko mpaka Pasaka, kisha watasema nani anabaki na nani anarudi kwao. Mtu hapelekwi huko na magurudumu ambayo mama yake anayapenda. Hilo nalijua, na bado kwa siku zote hizi nimepigania madogo. Nataka ujue yalitoka wapi, haya mapenzi yangu ya vitu vidogo.

Nilijifunza baiskeli kwetu Myanga, kwenye ile nyeusi ya baba yangu. Ilikuwa ya wanaume, nzito, magurudumu yake karibu sawasawa na hayo makubwa yako, na ina kile chuma kinachotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani. Urefu wangu unaujua, ndio huohuo nilikurithisha bila kukuuliza. Kwanza niliendesha kwa kupitisha mguu chini ya kile chuma, mwili wote umepinda upande mmoja. Nilipokua kidogo nikapanda juu. Kuendesha niliweza, tena kwa kasi. Shida yangu ilikuwa kushuka. Miguu haikufika chini, kwa hiyo nilikuwa na vituo vyangu: kichuguu kilichokuwa mbele ya fundi wa cherehani, ukingo wa mtaro wa kanisa, jiwe moja pale sokoni. Mtu akiniita nikiwa katikati ya vituo hivyo, nilimjibu nikiendelea na safari.

Nilipoolewa Misikhu, baba yangu akanipa ile baiskeli niende nayo. Wengine huenda na masufuria na matandiko. Mimi niliingia kwa wakwe nikisukuma dude jeusi linalonifika kifuani, na mama mkwe, Kukhu wako, akalitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka natengeneza leso. Lakini niliuza ndizi nayo. Nilikuwa nafika soko la Misikhu wakati wanawake wengine bado wako njiani na mizigo kichwani, na hilo lilinipa kiburi kidogo, sitakuficha.

Heshima ya wakwe unaijua kwa kusikia tu, kwa sababu siku hizi watu wanawatumia baba wakwe emoji. Wakati ule mke wa Kibukusu hakukutana na baba wa mume wake uso kwa uso. Ukimwona njiani unatoka pembeni, unageuza macho, unamwachia njia, na kama uko kwenye baiskeli unashuka. Naye pia, akikuona wewe kwanza, anatafuta pa kupinda. Ni kazi ya wote wawili, ila mimi niliona upande wangu tu. Kumpita mkwe ukiwa juu na yeye yuko chini lilikuwa jambo la kuitiwa kikao.

Basi siku hiyo natoka sokoni, nyuma kwenye karia nimefunga mkungu mzima ambao haukuuzika, nateremka ile njia nyembamba katikati ya miwa. Mbele yangu anapanda baba mkwe, Kuka wako, jembe begani. Sikuweza kushuka. Nyuma mkungu umeziba, mguu haupiti. Mbele kile chuma. Breki zilikuwa za kubahatisha, na pembeni ni miwa tu, hakuna kichuguu. Kumwita nimwambie apishe haiwezekani, jina lake mimi silitaji. Basi nikafanya kitu ambacho sijui kilitoka wapi. Nilipiga kengele. Nilimpigia baba mkwe kengele mfululizo, Nekesa, kama mtu anayefukuza mbuzi barabarani.

Akainua macho, akaona ni nani, akaingia kwenye miwa mzima mzima na jembe lake. Nilipita. Nilisikia majani yakivunjika na nikasikia upepo masikioni, na sikugeuka mpaka nikafika nyumbani, nikajiegemeza kwenye ukuta wa jikoni ndipo nikashuka.

Kikao kilikuwepo. Kukhu wako alisema maneno ambayo sitayaandika, marehemu apumzike. Mimi nilipiga magoti, kuku wakachinjwa, na ikaamuliwa kwamba ile baiskeli si ya kukaa katika boma lile. Baba yako akamuuzia mtu wa maziwa. Hakunilaumu hata mara moja, ila alicheka usiku ule mpaka akaziba mdomo kwa mto ili wazazi wasisikie upande wa pili. Baada ya muda akaniletea nyingine kutoka Webuye, ya mitumba, magurudumu madogo, fremu imepinda chini, miguu yangu miwili inafika ardhini nikiwa nimekaa. Nilishika breki, nikaweka nyayo zote chini, na nikalia. Nilidhani kile kilio ni cha furaha. Nafikiri sehemu kubwa kilikuwa hicho.

Tangu hapo nilishuka kwa kila mtu. Nilishuka kwa wakwe, kwa wazee wa kanisa, kwa walimu, kwa watu ambao hata hawakuwa wameniona. Nikajiwekea kanuni moja maishani: chukua gurudumu ambalo ukiwa juu yake unaweza kushuka. Tulipohamia Kitale na nikapata kazi kwenye kaunta ya spea za baiskeli kwa Bwana Harbans, kanuni nikaja nayo. Mteja akiingia sikuuliza anaendesha wapi. Nilimtazama miguu. Nilimwambia asimame, nikamwekea gurudumu kando ya nyonga, nikamwambia, wewe ni saizi ya hapa. Watu wa Kitale waliniamini. Kuna walimu na manesi mpaka leo wanatembelea baiskeli ndogo kwa ajili yangu, wanapanda mlima wa Kapenguria wakipiga pedeli mara mbili kwa kila moja ya wenzao, na bado wananisalimia.

Zile za ishirini na tisa zilipoanza kuja, zilining'inia ukutani mpaka zikashika vumbi. Niliziona tu nikaona ile njia ya miwa. Bwana Harbans hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anakunywa chai yake ya saa nne, akatazama juu, akasema, "Mama Nekesa, hii kubwa haitoki kwa sababu wewe hutaki itoke." Nikamjibu kwamba watu hawataki. Akarudi kwenye chai yake. Alijua kuwa hakuna mteja niliyemwonyesha hata moja, na sijui kwa nini hakunifuta kazi.

Kisha ukaja wewe. Wasichana wenzako wanasuka na wewe unarudi na matope mpaka kwenye nyusi, umetoka kule Endebess na wale vijana wa klabu ya baiskeli. Mimi nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilikuwa nawaambia wateja, huyo mfupi aliyepita hapo ni wangu. Uliponunua ile fremu kwa yule dada aliyekuwa anaacha mashindano, ikaja na magurudumu yake makubwa, mimi ndiye niliyekutafutia madogo. Nilikuletea kama zawadi, na utepe. Nilikuambia breki za diski zinakubali yoyote, kwa hiyo hakuna kisingizio. Ukayafunga kwa sababu ni mimi niliyeyaleta, sio kwa sababu uliyataka, na nililiona hilo usoni mwako nikaamua kutoliona.

Ukaanguka nayo. Pale kwenye mteremko wa mawe, bega likavunjika. Daktari alipomaliza kukufunga ulinieleza polepole, ukichora kwa kidole kwenye shuka: fremu ile ilitengenezewa makubwa, ukiweka madogo kila kitu kinashuka, na pedeli zinashuka pia. Yako iligonga jiwe ambalo gurudumu lilikuwa limeshalipita salama. Nami niliyekaa miaka kwenye kaunta ya spea, ninayejua hesabu za ringi kuliko tarehe ya kuzaliwa kwa dada yangu, nikakuambia kwamba kwa makubwa ungevunjika na lile bega lingine.

Bega lilipona. Ukarudisha makubwa bila kuniambia, nami nikakaa kimya, nikidhani ni ukubwa wa moyo kwa upande wangu. Kumbe nilikuwa nangojea. Jumapili uliporudi kutoka kwaya ukakuta nimeyatoa na nimefunga madogo, spana bado mkononi. Nilisema nataka tu ujaribu mara ya mwisho kabla boksi halijafungwa. Na baada ya yote tuliyorushiana, mambo ya ukaidi wako na mambo ya ukaidi wangu, ukaniambia, "Nikianguka na haya makubwa utafurahi, Mama. Utasema nilikuambia."

Nikasema sio kweli. Nilisema mara nyingi mno, hata baba yako akazima redio. Usiku nililala nikitazama dari na nikajiuliza, kama simu ingelia kutoka Naivasha na mtu akasema msichana wako ameanguka, neno la kwanza la kuja mdomoni mwangu lingekuwa lipi. Sikupenda jibu.

Sasa nikueleze jambo la Kuka wako ambalo sijawahi kulisema kwa mtu. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho tulimleta hapa Kitale awe karibu na hospitali. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Zawadi zote za heshima zilikuwa zimeshapelekwa zamani, tulishakula pamoja, na yeye alikuwa mzee, kwa hiyo niliweza kukaa chumba kimoja naye na kumpa uji. Hatukuongea sana hata hivyo. Mazoea ya kugeuza macho hayaishi kwa siku moja. Alasiri moja nimemletea uji, nimeweka kikombe, nageuka kutoka, akauliza, "Ile baiskeli kubwa ilienda wapi?"

Nilishtuka mpaka nikashika mlango. Ilikuwa miaka mingi, na hatukuwahi kulitaja jambo lile, sio mimi wala yeye. Nikamwambia tulimuuzia mtu wa maziwa.

"Mliharakisha," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaingia kwa miwa. Maneno yalikuwa yameisha."

Akaomba sukari zaidi kwenye uji. Basi. Nilikwenda jikoni nikatafuta sukari na sikuiona, nayo iko mbele yangu. Maana yeye alinipisha, Nekesa. Mimi sikuweza kutoka njiani, akatoka yeye, na kwake hapo ndipo lilipoishia. Ile aibu yote iliyofuata, kikao, kupiga magoti, kushuka kwa watu wasioniona, tulijipikia wenyewe. Mimi ndiye niliyeila kwa muda mrefu zaidi. Na nikataka kukupakulia na wewe.

Lakini sitaki udhani nimebadilisha mawazo kwa sababu ya maneno ya mzee. Ningekuwa mtu wa kubadilishwa na maneno ungenibadilisha wewe zamani. Leo ulipoondoka nilikaa mbele ya boksi nikasema, haya, amua, si ndicho ulichotaka. Nikachukua madogo nikayaweka ndani. Nikayatoa. Nikachukua makubwa, nikayashika tu mkononi. Baba yako akapita na magazeti yake, akanitazama, akasema kwamba kwenye kaunta nilikuwa nawapima watu wote isipokuwa mimi mwenyewe. Akaendelea kwenda msalani. Nadhani alitania, lakini mimi nikaenda kuvaa suruali yako ya mazoezi.

Ndiyo, ile nyeusi. Iko kwenye kamba, nimeifua.

Nilitoa fremu kwenye boksi, nikafunga madogo kwanza, nikateremsha kiti mpaka mwisho. Nikatoka nayo getini. Mama Chebet alikuwa anageuza mahindi yake kwenye turubai, akasimama na reki mkononi. Hakusema kitu, na wewe unajua Mama Chebet kukosa la kusema ni habari ya kutangazwa kanisani. Nilikwenda taratibu mpaka pale penye yale mawe yaliyoachwa na watu wa barabara. Nikayapita, najisifu moyoni kwamba unaona, madogo yanatosha kabisa, na pedeli ya kulia ikagonga jiwe ngo. Sikuanguka. Niliyumba tu, nikaweka mguu chini. Nikasimama pale kama mtu aliyekamatwa. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na lile jiwe, lakini nilihisi uso umepata moto.

Nikarudi, nikafunga makubwa. Sasa nakueleza kwa sababu nataka uyasikie kwangu na sio kwa Mama Chebet. Nilikaa juu nikiwa nimeshika ukuta wa geti, nikamwomba Mungu aniongoze kama vile naenda kufanyiwa upasuaji. Kisha nikasogea mbele kidogo, nikatoka kwenye kiti, nikajaribu kushuka kabla hata sijaanza kwenda. Nikashuka. Nekesa, nikashuka tu, miguu yote miwili, hakuna kilichonizuia. Fremu yako imepinda chini, hakuna kile chuma. Nikapanda tena nikashuka tena, Mama Chebet ananiangalia. Nikafanya hivyo mpaka nikaanza kucheka peke yangu.

Haikuwa magurudumu. Siku ile ya miwa haikuwa magurudumu hata kidogo. Ilikuwa kile chuma, na mkungu wa ndizi, na breki mbovu, na mimi kutofikisha miguu chini. Magurudumu yalikuwa yanafanya kazi yake vizuri, yanakwenda. Na mimi nikayachukia maisha yangu yote, nikawachukiza nayo walimu na manesi wa mji mzima, nikataka uyachukie na wewe. Miaka yote hiyo kwenye kaunta, na sikuwahi kupanda hata moja kujua. Kama kuna kitu nataka ujifunze kwangu ni hicho, lakini nakujua, wewe ulishakijua kabla yangu. Wewe hujawahi kukataa kitu bila kukigusa. Hata wale samaki wadogo wa omena uliwagusa kwanza.

Nikaondoka. Nilipita turubai la Mama Chebet, nikapita posho mill, nikafika kwenye yale mawe. Nilifumba jicho moja. Sikuyahisi. Nilihisi tu kitu kimeinuka kidogo chini yangu kikatulia, na nikawa nimeshapita. Nikateremka mpaka kule mashambani ambako barabara inaishia. Kulikuwa na watu wananipungia, na mmoja wao nadhani ni mzee wa kanisa letu, na kwa miaka yote hii ningeshuka nimsalimie. Nilimpungia. Nilikuwa na upepo masikioni na sikutaka kushuka. Nilikuwa nimeusahau ule upepo. Nilikuwa naukumbuka kama sehemu ya aibu, kumbe ulikuwa mtamu, hata siku ile ulikuwa mtamu, hata nikimpigia mzee wa watu kengele.

Kurudi nilisukuma. Mlima ule ni wa wenye umri wako. Goti langu limevimba na nimelipaka dawa ya Kukhu wako, ndiyo maana jikoni kunanuka hivi.

Basi nimeweka makubwa. Nimeyafunga na lile blanketi la zamani lisikwaruze, nimebandika boksi pande zote kwa selotepu, nimezidisha makusudi ili nisije nikaamka alfajiri nikabadili. Utalifungua ukifika. Haya madogo nabaki nayo. Bwana Harbans alishafunga duka lake na watoto wake wako Nairobi, lakini fundi wa pale stendi ana fremu ndogo ya rangi ya machungwa amekosa mteja, na mimi nimekwisha kumwambia asiiuze.

Bado naogopa. Sitaki barua hii ikudanganye kwamba nimepona. Nikifikiria mawe ya huko na bega lako, naona kama ungeingia jikoni sasa hivi labda ningekwambia tena kwamba wewe ni mfupi, kwamba kona kali zinasumbua na gurudumu kubwa, kwamba ukiteremka weka uzito nyuma. Usiniulize basi. Wewe ndiye uliyeyaendesha mawe, sio mimi. Nimekuwa nikiogopa kwa niaba yako kwa muda mrefu mpaka nikadhani kuogopa huko ndiko kukupenda. Nakupenda, Nekesa. Nakupenda mpaka baba yako ananionea huruma. Na nyumba hii kuanzia kesho itakuwa kimya kwa namna ambayo sijui nitaifanyia nini.

Ukirudi baada ya Pasaka kwa sababu wamekuambia urudi, kitanda chako kiko palepale na hakuna mtu atakayekuuliza uliendesha na saizi gani. Ukibaki, utume picha, hata ukiwa na matope usoni, hasa ukiwa na matope usoni.

Na siku ukianguka, kwa sababu utaanguka, wote wanaanguka, nipigie mimi. Usianze na baba yako ukimwambia anitayarishe. Nipigie mimi hata kama ni usiku, hata kama ni wewe uliyekosea na unajua umekosea. Sitasema kitu kingine. Nitakuuliza tu umeumia wapi.

Mama yako.